Mwalimu Mkuu na Tangi la Maji Baridi

Kila siku, saa moja na nusu asubuhi, filimbi ililia nyumbani kwetu. Si kituo cha polisi. Si uwanja wa mpira. Ni nyumbani kwangu, mbele ya dirisha la chumba changu cha kulala. Na mpigaji wa filimbi ni mume wangu.

Mume wangu alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka kumi na minane. Alipostaafu, alisema hawezi kukaa mlangoni kuhesabu magari yanayopita. Akanunua mashine mbili kubwa za kufulia. Akaweka tangi la kuchemshia maji uani. Sebule yangu ikageuka chumba cha pasi. Makochi yangu yakapelekwa kwa dada yangu, na mpaka leo hayajarudi. Basi, tukawa madobi.

Kazi yenyewe ni nzuri, sikatai. Watu wanavaa nguo kila siku, na kila siku zinachafuka. Kilichonichosha ni mwendo wake wa kuongoza.

Filimbi ikilia, wafanyakazi sita walikimbia kupanga mstari uani. Watu wazima, jamani! Mmoja ana mvi. Mume wangu alisimama mbele yao, mikono nyuma. Alikagua kucha. Ndiyo, kucha. Kisha aliwasomea sheria za kazi kutoka kwenye ubao, ya kwanza mpaka ya mwisho.

"Mmeelewa?" aliuliza.

"Tumeelewa, mwalimu!" waliitikia wote pamoja, kwa sauti ya kuimba.

Mimi nilikuwa kaunta, napokea nguo za wateja. Kila nikisikia kiitikio kile nilisaga meno.

Kati ya wafanyakazi wale sita, wanne walikuwa wanafunzi wake wa zamani. Aliwachagua mwenyewe. "Hawa nimewalea," aliniambia. "Wana nidhamu."

Nidhamu walikuwa nayo, tena ya kupitiliza. Chukua Mama Pacha, mpiga pasi wetu. Ana miaka thelathini na minne. Ana pacha wa darasa la tatu, na mtaa mzima unajua mdomo wake. Lakini mwalimu akitokea mlangoni, alimeza mkate bila kutafuna na kuficha mikono nyuma. Au chukua mfuaji wetu, tunayemwita Kimya. Ni pande la mtu, mabega mapana. Akimwona mwalimu, alisimama wima, shuka mkononi, huku maji yanamtiririkia miguuni.

"Endelea na kazi, baba," nilimwambia siku moja.

"Nitaendelea mwalimu akishapita, mama," alinijibu kwa kunong'ona.

Nilienda zangu. Ningesema nini?

* * *

Mteja wetu mkubwa alikuwa nyumba ya wageni iliyo upande wa pili wa barabara kuu. Mashuka yao, foronya zao, taulo zao, vyote tulifua sisi. Zaidi ya nusu ya kazi yetu ilitoka kwao. Bila wao, mashine moja ingelala na watu watatu wangerudi nyumbani.

Jumatatu moja meneja wa nyumba ile alikuja mwenyewe. Ni mama mfupi, hana mzaha. Alibwaga furushi juu ya kaunta yangu.

"Nusa," aliniambia.

Nikanusa. Mungu wangu! Uvundo.

"Sasa tazama." Akalikunjua shuka moja. Katikati kulikuwa na doa la manjano, pale mgeni anapolaza mgongo. "Hii ni mara ya tatu. Mara ya kwanza nilipiga simu. Mumeo akasema kila kitu kiko sawa. Mara ya pili nilipiga simu. Akasema tena kiko sawa. Mgeni wangu jana amelala na nguo zake za safari. Kakataa kugusa shuka!"

"Samahani sana, dada."

"Samahani hailaliwi. Ijumaa nitafungua furushi la wiki hii. Nikikuta doa au harufu, natafuta dobi mwingine. Sina ugomvi na nyinyi. Nina wageni."

Akaondoka. Nilibaki nimeshika shuka lile.

Nilimwita mume wangu. Alilitazama shuka. Alikunja uso kama zamani alivyokuwa akitazama daftari chafu la mwanafunzi. Kisha akaipuliza ile filimbi yake.

Watu wakapanga mstari.

"Nani amefua hili?"

Mama Pacha alificha mikono nyuma.

"Nimeuliza, nani?"

Wafanyakazi wote sita walitazama vidole vya miguu yao.

Aliwahutubia kwa saa nzima. Saa nzima, na nguo zimelowekwa! Aliwaeleza juu ya bidii. Aliwaeleza juu ya uaminifu. Aliongeza sheria tatu ubaoni. Sheria ya kumi na mbili ilisema hakuna kuzungumza wakati wa kazi. Sheria ya kumi na tatu ilisema nguo zote za nyumba ya wageni ziwe zimekunjwa kabla ya saa sita mchana.

"Mmeelewa?"

"Tumeelewa, mwalimu!"

Mchana ule, jikoni, nilishindwa kujizuia.

"Baba watoto, hawa watu hawajaelewa chochote."

"Wamesema wameelewa."

"Wangesema nini? Umewasimamisha juani saa nzima!"

"Mama watoto, nimeongoza watoto mia saba."

"Hawa si watoto!"

"Kuongoza ni kuongoza tu. Biashara haitaki kubembelezana. Kila mtu ameniambia hivyo."

"Kila mtu ndiye nani?"

Alichukua chai yake, akaenda kuinywa uani, akiwa amewageukia watu wake. Mwanamume yule ataniua siku moja, nami nitakufa huku nakunja mashuka.

* * *

Jumanne, nilipokuwa nakwenda kununua sabuni ya unga, niliitwa kutoka duka la vifaa vya ujenzi.

Mwenye duka ni jirani yetu. Zamani alikuwa mwalimu. Alifundisha chini ya mume wangu miaka kumi na moja, na mwishoni alikuwa mwalimu wa taaluma. Basi jina likamganda. Mpaka leo mtaa mzima unamwita Taaluma, hata wanaokuja kununua misumari.

"Shoga, njoo ndani," alisema. Akafunga nusu ya mlango. "Watu wenu walikuja hapa jana jioni. Wanne. Wameingia kama wezi, mmoja anachungulia nje. Wameuliza bei ya koili ya kuchemshia maji."

"Koili ya nini?"

"Ya tangi lenu. Imeungua. Wanachangishana ili wanunue wenyewe, waifunge kabla mwalimu hajajua. Wameniapisha nisiseme."

Nilimtolea macho. "Imeungua lini?"

"Wiki tatu sasa."

Wiki tatu! Wiki tatu mashuka ya watu yanafuliwa kwa maji baridi. Mafuta ya mwili hayatoki vizuri kwa maji baridi, hata mtoto anajua. Na sisi tunahutubiana juu ya bidii!

Sikununua sabuni. Nilirudi nyumbani nimefura. Nilikwenda moja kwa moja uani, nikaweka kiganja juu ya tangi. Baridi. Nikafungua bomba la maji ya moto. Baridi.

"Mama Pacha! Kimya! Njooni hapa, nyote wawili."

Walikuja. Nikaonyesha tangi. Mama Pacha aliziba mdomo kwa khanga yake.

"Nani amemwaga mtama?" alinong'ona.

"Achana na mtama. Kwa nini hamkusema?"

Wakatazamana.

"Mama," alisema Mama Pacha, "tungesema, mwalimu angeuliza nani."

"Nani nini?"

"Nani ameharibu. Wewe hukusoma pale, mama. Tulipokuwa darasa la sita, kioo cha dirisha kilivunjika. Aliuliza nani. Mmoja akasema, 'Mwalimu, kimevunjika.' Aliyesema ndiye aliyeadhibiwa kwanza. Kisha darasa zima likafyeka majani siku mbili. Tangu hapo tulijua. Kitu kikiharibika, nyamaza, kisha kitafutie dawa mwenyewe."

"Na nani aliharibu koili?"

Kimya akafungua kinywa. "Hakuna aliyeiharibu, mama. Imechoka tu. Maji ya hapa yana chokaa. Chokaa imeganda juu yake, ikaungua."

Hakuna aliyeiharibu! Kwa hiyo tulikuwa tunampoteza mteja wetu mkubwa kwa kosa ambalo hakuna aliyelifanya. Nilitaka kucheka, nikataka kulia, nikataka kumrushia mtu beseni. Nilikaa juu ya ndoo badala yake.

* * *

Nilimwomba Taaluma aje jioni ile, kabla jua halijazama. Nilijua mimi nikisema peke yangu, itakuwa ugomvi wa mume na mke. Mume wangu alipozisikia habari za koili, aliinuka kwenye kiti.

"Waongo! Wamenidanganya wiki tatu!"

"Kaa, Mkuu," alisema Taaluma.

"Sikai! Nimewapa kazi, nao—"

"Mkuu, nimefanya kazi chini yako miaka kumi na moja. Ulinisimamisha mstarini mara ngapi?"

Alishangaa. "Wewe? Kwa nini nikusimamishe mstarini? Ulikuwa mwalimu."

"Ulinikagua kucha?"

"Aka! Maswali gani haya?"

"Nijibu tu."

"Hapana."

"Mwaka wangu wa kwanza nilifundisha hesabu za sehemu, nikakosea ubaoni. Darasa zima likanakili kosa langu. Wewe ulikuwa umekaa nyuma. Ulifanya nini?"

Mume wangu alikaa polepole. "Nilingoja kipindi kiishe."

"Kisha?"

"Nikakuita ofisini. Nikafunga mlango."

"Ukaniuliza, 'Wewe mwenyewe umeonaje?' Nikalia. Ukaninyamazia mpaka nikamaliza. Kisha tukapanga pamoja namna ya kusahihisha kesho yake. Hukumwambia mwalimu mwingine hata mmoja. Nilikuheshimu tangu siku ile. Na lile daftari katika chumba cha walimu unalikumbuka?"

"Daftari la ubovu."

"Dawati limevunjika, tunaandika. Chaki zimekwisha, tunaandika. Uliuliza nani amevunja?"

"Hapana. Niliuliza litatengenezwa lini." Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Haya basi," alisema Taaluma. "Wewe pale ulikuwa na shule mbili, Mkuu. Moja ya watoto, na moja ya walimu. Ya watoto uliiongoza kwa filimbi, na hata hapo ulizidisha, samahani. Lakini ya walimu uliiongoza vizuri sana. Ulituuliza kwanza, ukasema mwisho. Kila idara uliipa mkubwa wake, naye ukamwachia kazi. Sasa umefungua biashara. Umeajiri watu wazima. Umewaletea shule gani?"

Mume wangu alitazama ubao wake ulioegemezwa ukutani, sheria kumi na tatu kwa maandishi mazuri.

"Nilifikiri biashara inataka ukali," alisema.

"Inataka maji ya moto!" nilisema mimi. Samahani, nilikuwa nimechoka.

Taaluma alicheka. Kisha akasema, "Mkuu, ulichokijua kwa walimu hakijakwisha thamani kwa sababu umestaafu. Kupanga kazi, kusikiliza, kumsahihisha mtu bila kumvunja, kumpa mtu madaraka na kumwamini. Hayo hayakai shuleni peke yake. Unaweza kuuza misumari nayo. Mimi nauza."

Kisha akatoa koili mfukoni mwa gauni lake. "Hii wapeni watu wenu. Bei yake mtanilipa ninyi; wao wabaki na michango yao."

* * *

Msidhani mambo yalinyooka mara moja. Laiti!

Jumatano asubuhi filimbi haikulia. Wafanyakazi walifika, wakasubiri filimbi, isilie. Wakapanga mstari wenyewe! Mume wangu akatoka na beseni, akaligeuza, akakaa juu yake.

"Kaeni," alisema.

Hakuna aliyekaa. Walidhani ni mtego.

"Koili ya tangi iliungua. Kimya ataifunga leo asubuhi. Sikuja kuuliza nani. Nauliza, nini kingine kinatuharibia kazi?"

Kimya. Namaanisha ukimya, siyo yule mfuaji, ingawa naye alinyamaza vilevile. Mume wangu akanitazama kama mtu anayezama.

"Jamani, semeni!" nilipaza sauti. "Jana mlikuwa na midomo ya kunisimulia vioo vya darasa la sita!"

Wapi! Waliganda.

Basi mume wangu akafanya jambo alilolijua. Alichukua kiti kidogo, akaenda kukaa nyuma ya mashine ya Kimya. Hakusema kitu. Alitazama tu, kama alivyokaa zamani nyuma ya madarasa. Mwanzoni Kimya alimgeukia kila mara. Baada ya nusu saa alimsahau.

Mashine ilipomaliza, mume wangu aliuliza taratibu, "Wewe mwenyewe umeonaje?"

Kimya alitazama kulia. Akatazama kushoto. Kisha, jamani, mtu yule akafungua bomba la maneno! Alizungumza dakika ishirini. Nilitoka kaunta kuja kushuhudia.

"Mashine nimeijaza mno, mwalimu. Mashuka yanabanana, hayageuki. Ukijaza hivi, sabuni haifiki katikati. Lakini sheria ya kumi na tatu inataka tumalize saa sita, kwa hiyo tunashindilia. Tena mashuka ya wageni yana mafuta ya kujipaka. Yanataka kulowekwa kwanza kwenye maji ya moto na sabuni, kabla ya mashine. Na hilo tangi, kila mwezi linataka kusafishwa chokaa. Mimi najua kulisafisha. Nilikuwa nangoja kuambiwa."

"Ulikuwa unangoja kuambiwa," mume wangu alirudia. Akayaandika yote.

Kisha akahamia kwa Mama Pacha. Naye alipoulizwa ameonaje, alivuta pumzi. "Uvundo unatoka hapa kwangu, mwalimu. Mashuka yananifikia na unyevu. Nikiyakunja na unyevu, yanaoza ndani ya furushi. Nikingoja yakauke, saa sita inapita na sheria inanikamata."

Mume wangu alikwenda uani. Akachukua kitambaa, akafuta ubao wote. Sheria kumi na tatu, zote. Nilitamani kumshika mkono, lakini nilikuwa bado nimekasirika, nikaacha.

Mchana ule tuligawana kazi upya. Kimya alipewa maji, sabuni na mashine. Yeye ndiye anasema mashine ijazwe kiasi gani. Akapewa na mfuaji mmoja kati ya wale sita, mgeni kazini, amfundishe. Mama Pacha alipewa pasi na ukaguzi wa mwisho. Shuka lisilomridhisha halitoki, hata mwalimu aseme nini. Karibu na mlango tulifunga daftari kwa kamba. Mtu akiona ubovu, anauandika. Anaandika kitu, haandiki mtu. Asiyependa kuandika anamwambia mwenzake amwandikie.

Mume wangu alijitahidi, nasema kweli. Lakini miaka kumi na minane haitoki kwa siku moja. Jumatano hiyohiyo jioni, beseni la foronya lilimwagika sakafuni. Nikamsikia: "Na—" Akakatiza. Akameza mate. Mishipa ya shingo ilimtoka. "Na... naomba tuzioshe tena," akamalizia. Nilitoka nje nikacheka peke yangu.

* * *

Alhamisi alasiri, mashuka arobaini ya nyumba ya wageni yalikuwa yamekauka kabisa, meupe, yananukia sabuni. Nilianza kupumua.

Ndipo nikasikia harufu ya kuungua.

Mama Pacha alitoka chumba cha pasi. Ameshika mashuka mawili, kila moja lina alama nyeusi ya pasi. Uso wake umepauka. Niliona macho yake yanakimbilia pipa la takataka. Namjua Mama Pacha wa wiki iliyopita: mashuka yangefukiwa pipani, na sote tungeapa tulipokea thelathini na nane.

Lakini akapiga moyo konde, akaenda mbele ya mume wangu.

"Mwalimu, nimeunguza mawili."

Kila mtu aliacha kazi. Hata mashine ilikuwa imezima. Mume wangu aliyatazama mashuka. Mimi nilimtazama yeye. Nilijua swali gani liko kwenye ulimi wake.

"Ilikuwaje?" aliuliza.

"Kidude cha kupunguza moto kwenye pasi kimelegea. Naweka moto mdogo, chenyewe kinapanda. Niliandikisha kwenye daftari jana."

Mume wangu alikwenda kwenye daftari. Akasoma. Ilikuwa imeandikwa pale wazi, mstari wa pili, kwa herufi kubwa za Kimya. Hakuwa ameufungua ukurasa ule tangu jana.

Alirudi. Akasema mbele ya wote: "Mliniambia, nami sikufanya. Kosa hili ni langu."

Mfuaji mgeni alidondosha sabuni. Mama Pacha alianza kulia, nami nikamwambia anyamaze kabla hajalowesha mashuka makavu.

Ijumaa asubuhi mume wangu alibeba furushi mwenyewe. Nilikwenda naye. Nisingeweza kukaa nyumbani. Meneja alitupokea mapokezi, amefunga mikono kifuani.

"Kabla hujafungua," alisema mume wangu, "humu mna mashuka thelathini na nane. Mawili tumeyaunguza jana. Pasi ilikuwa na ubovu. Nitakuletea mapya mawili kesho."

Meneja alinyanyua nyusi. Alifungua furushi. Alichukua shuka la juu, la katikati, la chini kabisa. Alinusa kila moja. Aliyapeleka dirishani, akayatazama kwenye mwanga. Aligeuza foronya ndani nje. Mimi miguu ilikuwa inaniuma kwa kusimama, na yeye bado ananusa.

"Ni safi," alisema mwishowe. "Kavu, tena." Akamtazama mume wangu. "Unajua kilichokuwa kinaniudhi hasa? Siyo doa. Kila dobi ana doa. Ni kuniambia kila kitu kiko sawa. Leo ni mara ya kwanza umeniambia ubaya kabla sijauona."

"Na mimi nimeanza kuambiwa juzi tu," alisema mume wangu.

Meneja alicheka kidogo. Akasema kazi yake inabaki kwetu. Akaongeza kwamba ana mapazia ya vyumba vyote, mazito, yanataka kufuliwa. Atayaleta Jumatatu.

"Leta!" alisema mume wangu.

Tulirudi mbio mbio. Wafanyakazi walikuwa wamekusanyika uani, wanasubiri habari. Hawakuwa mstarini. Mmoja kakaa juu ya ndoo, mwingine kaegemea ukuta. Mume wangu aliwaeleza. Wakapiga makofi, Kimya akapiga meza ya pasi mpaka ikayumba.

"Na Jumatatu," aliendelea, "tunapokea mapazia ya vyumba vyote. Nimeshakubali."

Makofi yakakoma.

"Hapana, mwalimu," alisema Mama Pacha.

Alisema wazi, na mikono yake ilikuwa mbele. Nilishusha pochi yangu chini taratibu.

"Mapazia mazito hayakauki kwa siku moja kwenye kamba zetu," aliendelea. "Jumatatu tuna mashuka. Tukichanganya, yote yatalala na unyevu, na ule uvundo utarudi. Tunataka kamba mbili zaidi kwanza. Hatuwezi Jumatatu."

Mume wangu alifungua kinywa. Akakifunga. Alimtazama Kimya.

"Ni kweli," alisema Kimya. "Alhamisi tunaweza."

Nilingoja hotuba. Badala yake mume wangu alitoa simu mfukoni, akampigia meneja pale pale mbele yao.

"Samahani, mama," alisema. "Nilikubali haraka. Nimezungumza na wenzangu. Mapazia tutaanza Alhamisi."